Asmini ya Silas Imegoma

Kijiwe cha Lul, mama muuza kahawa, hakina makuu: benchi moja la mbao, jiko la makaa na birika la kahawa ya tangawizi, hatua chache kutoka soko la mifugo la Garissa. Alasiri hiyo Silas alikuwa hatulii. Anaketi, anasimama, anatazama simu, anaketi tena. Ni karani wa ofisi ya maji, mtu wa Meru, na kijiwe kilimbatiza Bwana Shamba kwa sababu ana mmea mmoja tu duniani. Mkewe, Nkirote, alikuwa kwenye basi kutoka kwao. Mara mbili amekuja Garissa, na mara mbili amerudi kabla wiki haijaisha. Safari hii alisema akishindwa, basi tena. Ndiyo maana Silas alipanda asmini ndani ya nyumba, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ili mke akifungua mlango apokewe na harufu nzuri badala ya joto na vumbi. Mmea ulitoa vitumba kumi na vinne. Tangu Jumatatu vinaanguka bila kuchanua, na asubuhi hiyo vilibaki vitatu.

— Hiyo mti imekasirika, alisema Abdiwahab, dalali wa ngamia ambaye wenzake humwita Profesa. Inaona ukuta tu kutwa. Hata ngamia ukimfungia hivyo, maziwa atakunyima.

— Si ukuta, ni simu, alisema Keinan. Unachaji simu kando yake, ile moto ya network inaingia kwa mizizi.

Keinan ni dereva wa lori na jina lake la kijiweni ni Satelaiti, maana hakuna jambo asiloliona. Aliapa kwamba kule Masalani kuna mlimau ulioacha kuzaa siku mnara wa simu uliposimamishwa. Alipoulizwa mnara wenyewe uko wapi, akasema ulihamishwa. Profesa hakukubali kupitwa. Akasema mmea unasemeshwa Kimeru, ndiyo sababu unangoja baridi ya mlimani. Usemeshwe Kisomali siku mbili na unyweshwe kikombe cha maziwa ya ngamia, utachanua wenyewe. Lul akamjibu kwamba maziwa yake ni ya watu.

Siku nyingine Silas angecheka mpaka machozi. Leo alikuwa na hofu, na hakuificha.

— Nimefanya kila kitu mliniambia, alisema. Nimefunga madirisha. Uunsi nimefukiza kila jioni, wiki nzima.

Hilo lilikuwa kweli. Ni kijiwe hicho hicho kilichomfundisha kwamba nyumba ya Garissa humpokea mgeni wa heshima kwa uunsi, ule ubani mtamu wa akina mama. Lul alimuuzia pakiti, akamwazima na chetezo cha udongo. Basi Silas, kwa hamu yake, akaanza siku saba kabla ya mgeni, chumba kimefungwa kila upande na asmini iko katikati ya moshi.

Fosia, muuguzi aliyekuwa akingoja gari la kwenda kambi ya wakimbizi ya Ifo, alikuwa ameketi mwisho wa benchi akinywa kahawa yake kimya. Hapo akageuka.

— Umefukiza maua? aliuliza. Walaal, ndugu yangu, moshi ndiyo inaangusha. Mimi niko na asmini ndani ya nyumba miaka minne. Mama akiwasha uunsi, natoa nje kwanza.

Wote wakamgeukia Lul.

— Mimi nilisema siku ya mgeni, alisema Lul. Huyu amefukiza kama mtu anafukuza mbu.

Profesa akaanza kueleza kwamba hata yeye alikuwa anaelekea kwenye moshi, ila walimkatiza. Fosia hakumsikiliza.

— Na bibi yako anapenda asmini?

Silas akafikiri, na aibu ikampanda. Asmini ilikuwa ikiota mlangoni kwa mama yake, na anayeipenda ni yeye Silas. Nkirote hakuwahi kuitaja hata siku moja, wala yeye hakuwahi kumuuliza. Akachukua simu, akapiga. Basi lilikuwa limetoka Modogashe kitambo, na simu yake ina sauti kubwa, hivyo kijiwe kizima kilisikia.

— Nkirote, ukifika ungependa ukute nini nyumbani?

— Nikukute wewe, alisema Nkirote. Zile mara mbili nilipewa ufunguo na jirani. Akaniambia umeenda kijiweni.

Lul alimpokonya Silas kikombe chake, kingali nusu, akakimwaga mchangani.

— Nenda, alisema. Hapa leo kahawa yako imeisha.