Kidole cha Pindo na Mfupa wa Marehemu

Benchi letu liko kwenye kibaraza cha duka la kushona, kati ya mlango na dirisha. Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya. Fundi, tunayemwita Pindo, alikaa nje nasi, mguu wa kulia juu ya ndoo iliyopinduliwa, fomu ya hospitali mkononi. Mwaka jana aliwekewa kiungo bandia kwenye kidole gumba cha mguu huo. Sasa kimelegea na kuula mfupa. Daktari anataka kukitoa, kujaza pengo kwa mfupa wa marehemu aliyejitolea, kisha kukifunga kidole kwa skrubu kisikunjike tena. Fomu ilitakiwa kurudi hospitali saa nne. Kahawa ilikuwepo, lakini hasira ilikuwa nyingi zaidi.

PINDO: Mfupa wa mtu! Nauliza wa nani, naambiwa siri. Mimi nikishona suruali, mwenyewe namjua mpaka kiuno!

BREKI, dereva wa lori mstaafu: Kataa, ndugu yangu. Niliwahi kufungiwa gia ya gari lingine. Lori likawa linavuta kushoto kila tukikaribia kwao.

— Kwao nani? — nikauliza.

— Kwao gia, Profesa!

CHUMVI, kinyozi wa jirani: Gia afadhali. Huyo marehemu kama alikuwa mcheza dansi? Uko msibani, umetulia na huzuni yako, kidole kinaanza kupiga mdundo!

BREKI: Au alikuwa mtoro wa kazi. Kitagoma kukanyaga pedali ya cherehani mchana kweupe.

PINDO: Wanasema umesafishwa, umepimwa. Ni kama kiunzi tu, mfupa wangu utaota humo.

CHUMVI: Nani anaota ndani ya nani? Utaamka siku moja, kidole ndicho fundi, wewe ndiye msaidizi!

Hapo nikashindwa kuvumilia.

— Na nani alimwambia Pindo, wiki ya tatu tu baada ya upasuaji ule, kwamba mguu unataka mazoezi, arudi kwenye pedali?

BREKI: Chumvi ndiye aliyeanza.

CHUMVI: Mimi nilisema pedali kidogo!

PINDO: Daktari alisema nipumzike wiki nane, mimi nikamsikiliza kinyozi! Ondokeni kwenye benchi langu!

Hakuna aliyeondoka. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

— Samahani, baba zangu. Huyo aliyetoa mfupa, ameacha nani?

Breki alichungulia kikombe chake. Chumvi alijikuna kisogo. Pindo alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi msomi wao.

— Sijui — nikasema. — Ila mmoja wa waliotoa ameniacha mimi.

Walijua nimefiwa na mke. Hilo hawakulijua. Nikawaeleza kwa ufupi: alisaini mwenyewe mifupa yake itolewe akifa, akiwa na akili zake timamu, na mimi nikakaa mwezi mzima nimewakasirikia watu wa hospitali kwa kosa la kutii neno lake.

— Unajua mfupa wake uko kwa nani? — Pindo akauliza taratibu.

— Hapana. Siku hizi nikipishana na mtu anayetembea vizuri, namtazama miguuni.

Pindo aliinyoosha fomu juu ya paja.

— Nisomee hapa pa kusaini, kaka. Polepole.