Shangazi Haloo na Neno Alilolitunza

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii kuja kumsindikiza: familia imenipa mimi, mtoto wa kaka yake, kazi ya kusoma maisha ya marehemu shangazi yetu. Wengi wenu mlimjua kwa jina la kwenye kitambulisho. Nyumbani tulimwita Shangazi Haloo, naye aliitika bila kinyongo, kwa hiyo nitamwita hivyo. Hakupenda hotuba ndefu. Alisema mtu akishindwa kueleza shida yake kabla simu haijakatika, basi haijui shida yenyewe. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa posta, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee. Mama yake alishona sare za shule. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mlinzi wa geti la posta kuu. Babu alikuwa akirudi jioni, akivua viatu, akasema, "Leo dunia nzima imenipita pale. Aliyenisalimia ni mmoja, na huyo alikuwa amepotea njia." Watu wazima walicheka. Binti yake hakucheka. Kesho yake alipotoka shule alipitia getini, akasimama wima mbele ya baba yake na kusema, "Shikamoo mzee, habari za kazi?" kama vile hawakuamka nyumba moja. Aliendelea hivyo mpaka akamaliza shule ya msingi, na karani mmoja mgeni aliwahi kuuliza kama yule ni mkaguzi, mbona mfupi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akajiunga na chuo cha uhazili, alikohitimu mwaka 1980. Uhitimu huo usiwadanganye. Kupiga chapa hakukuwa fungu lake. Barua zake zilikuwa na mashimo pale alipofuta makosa, ukaweza kuchungulia upande wa pili. Mwalimu wake alimwambia, "Binti, vidole vyako havina haraka, lakini mdomo wako una adabu. Nenda kwenye simu." Alikwenda kwenye simu, na hakutoka huko kwa miaka thelathini na kitu.

Mwaka 1983 aliajiriwa na ofisi ya kutafutia makampuni wafanyakazi. Ilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la matairi, na kila faili lilinuka mpira. Wengi wetu hatukuielewa kazi ile, kwa hiyo nieleze kidogo. Kampuni moja inamtaka mhasibu hodari. Mhasibu hodari tayari ana kazi kwingine, amekaa zake, hajui kama anatafutwa. Mtu wa ofisi ya shangazi anapiga simu huko alipo ili azungumze naye. Lakini simu haipokewi na mhasibu, inapokewa na dada wa mapokezi. Naye anauliza: unatoka wapi, ni kuhusu nini, una miadi? Hapo ndipo wengi walipogonga mwamba. Wenzake shangazi walijifanya watu wa benki, watu wa bima, binamu waliofika ghafla kutoka mbali. Mmoja alijifanya daktari wa meno mpaka siku alipoulizwa ni jino gani.

Shangazi Haloo alianza kazi akijikakamua kusema kweli, na akashindwa mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo iliyotengeneza maisha yake yaliyobaki, kwa hiyo sitairuka, hasa kwa kuwa wahusika wenyewe wameniruhusu.

Mwezi Machi 1987 mteja mmoja alitaka fundi mitambo, na aliyesifiwa kuliko wote alikuwa katika kiwanda cha sabuni. Kiwandani pale mapokezi yalishikwa na dada mmoja ambaye yuko nasi leo, ameketi safu ya mbele. Ofisini kwa shangazi walimwita Kufuli. Leo anajua kwamba walimwita hivyo, na ameniambia amelipenda. Kila shangazi alipopiga, jibu lilikuwa lile lile: "Mafundi wako kazini. Acha ujumbe." Mkubwa wa ofisi akaanza kupoteza subira. Mwenzake mmoja akamnong'oneza, "Sema dharura! Hakuna anayekataa dharura." Na shangazi, alikuwa bado kijana, akasema, "Dada, ni dharura ya nyumbani kwake."

Kufuli hakuuliza tena. Shangazi alisikia viatu vikikimbia. Baada ya muda sauti ya mwanamume ikaja kwenye simu, inahema. "Mama amefanyaje?"

Fundi alikuwa na mama mgonjwa kweli. Shangazi hakujua. Alijibu, "Mama hajambo. Yaani, sijui. Mimi nilitaka kukuuliza kama ungependa kubadilisha kazi."

Kisha Fundi akasema taratibu, "Dada, mimi hapa nimekaa chini sakafuni." Akakata simu.

Shangazi alichukua mkoba wake, akashuka ngazi za duka la matairi, akaenda kiwandani kwa miguu yake. Alimkuta Kufuli nyuma ya meza, bado anafuta jasho. "Unatoka wapi? Ni kuhusu nini?"

"Mimi ndiye niliyedanganya kwenye simu."

Kufuli alimtazama. Alimwambia maneno ambayo shangazi alitusimulia sisi watoto zaidi ya hadithi nyingine yoyote, mpaka tukayajua kwa moyo. "Mimi nimekimbia na viatu hivi mpaka kwenye mitambo. Nimemwambia mtu mwenye mama mgonjwa aje mbio. Haya, kesho simu ya kweli ikija, mimi nitaijuaje?"

Shangazi alisema tu, "Neno lile sitalitamka kwako tena mpaka siku litakapokuwa kweli."

"Tutaona," Kufuli akasema. "Fundi yuko kazini. Acha ujumbe."

Aliacha ujumbe wa samahani. Wiki hiyo hiyo Fundi alipanda ngazi za duka la matairi ili amtolee uvivu. Alimkuta kwenye simu, amesimama. Shangazi alikuwa na desturi hiyo: dada wa mapokezi akipokea, yeye anasimama, kama mtu anayepokea mgeni sebuleni. Fundi alingoja amalize, na kungoja kukampunguzia hasira. "Wewe ndiye uliyeniulia mama kwa simu?" akauliza. Shangazi akajibu, "Ni mimi. Hajambo?" Fundi akasema, "Hajambo. Anataka kukuona."

Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1988. Mama mkwe alipona na kuishi miaka mingi, na kila mgeni alipokuja alimwonyesha shangazi kwa kidole: "Huyu mkwe wangu ndiye aliyenitangazia kifo." Kazi mpya Fundi hakuikubali. Alibaki kwenye sabuni. Kwa hiyo shangazi alimpata mtu, mteja ndiye aliyekosa. Ndoa yao ilijaliwa watoto watatu, na sisi wapwa tuliohamia pale kila likizo bila kualikwa.

Tangu hapo shangazi alifanya kazi yake kwa kweli tupu, na nasema bila kumpamba kwamba hakuna aliyemfikia. "Dada, habari za asubuhi. Natafuta watu kwa ajili ya kazi, na ningependa kuzungumza na mhasibu wenu. Ukinikatalia nitaelewa. Nitapiga tena Alhamisi." Wengine walimkatia simu. Alhamisi akapiga. Aliuliza kikohozi cha wiki iliyopita kimeishaje. Alikumbuka nani mtoto wake anafanya mtihani. Hakuwa anajipendekeza, alikuwa binti wa mlinzi wa geti, alijua mtu wa mlangoni anarudi nyumbani na uchovu gani. Wale waliodanganya waliingia mara moja, na mlango ukafungwa nyuma yao. Yeye walimfungulia wenyewe. Na dada wa mapokezi wasio na idadi aliwatafutia kazi kubwa zaidi, kwa sababu, alisema, mtu anayeweza kuwakatalia watu kutwa nzima bila kumtukana hata mmoja anafaa kuongoza ofisi. Wako humu wanaotikisa vichwa. Nawaona.

Mlango mmoja tu ulimshinda. Kiwandani kwa mume wake simu hazikuruhusiwa karibu na mitambo, na hata zama za simu za mkononi zilipofika, mafundi waliziacha kwenye sanduku getini. Kila simu ilipita kwa Kufuli, na Kufuli hakumuunganisha shangazi na Fundi hata siku moja. Mke wa ndoa! Alisikilizwa kwa heshima zote, kisha, "Acha ujumbe." Ujumbe ulifika neno kwa neno wakati wa mapumziko. "Umepata binti, ana nywele nyingi." "Mtoto ameanguka na baiskeli, mkono umevunjika, daktari anaufunga, usikimbie." "Paa la jikoni limeondoka na upepo. Njoo na misumari."

Nilikuwepo siku ya paa. Nilimuuliza, "Shangazi, si ungesema tu ni dharura?" Tulikuwa tumesimama jikoni tunatazama mawingu. Akanijibu, "Paa si dharura, ni hasara." Nikamuuliza, na mkono je? "Mkono unaunga."

Tulicheka naye, lakini lilimuuma. Aliniambia mara moja, bila utani: "Nimepita kwa mabenki, nimepita kwa mabalozi. Kwa yule sijapita. Na ana haki, maana bado hajui kama naaminika." Hakumlaumu kamwe. Walikuwa wakikutana kwenye sherehe za kiwanda, wakila meza moja, wakizungumza habari za watoto na magoti. Jambo lile hawakuligusa.

Mwaka 2017 madaktari walimkuta na maradhi ya moyo. Mwaka uliofuata aliacha kazi, kwa kuwa pumzi haikumtosha tena kusimama na kuzungumza kwa pamoja, na kuzungumza na watu huku amekaa aliona ni utovu wa adabu. Mwezi Februari 2019 alilazwa. Kufuli alikuja kumwona kila Jumapili, akawa anawapanga wageni mlangoni mwa wodi. "Wewe ni nani? Umekuja kwa muda gani?" Shangazi alikuwa akicheka kitandani mpaka muuguzi anamkataza. Fundi alikuwa na miezi michache tu kabla ya kustaafu, akataka kuomba ruhusa akae naye. Shangazi alimfukuza. "Nenda kazini. Hapa utanitazama tu, na mimi sipendi kutazamwa."

Alhamisi, tarehe 21 Machi 2019, ilikuwa zamu yangu ya asubuhi. Alikunywa chai kidogo. Kabla ya saa tano aliweka mkono kifuani, akanitazama kwa namna ambayo sikuhitaji kuelezwa. Muuguzi alisema, "Tumpigie mumewe." Shangazi akanyoosha mkono aletewe simu. Nikamwomba nipige mimi. Alikataa kwa kichwa. Namba aliijua kwa moyo.

Niliinama karibu naye, nikasikia. "Haloo, mapokezi."

"Dada, ni mimi."

"Jamani! Umeamkaje leo?"

Shangazi alikusanya pumzi, na nilimwona anajaribu kuinuka, anataka kusimama. Nilimshika bega. Akasema, "Dada. Ni dharura."

Kufuli hakuuliza anatoka wapi wala ni kuhusu nini. Tulisikia mkono wa simu ukiwekwa mezani, kisha viatu. Mama mwenye magoti mabovu, anayekaribia kustaafu, alikuwa anakimbia. Meza ile haikuwahi kuachwa tupu. Simu nyingine ilianza kulia pale, ikalia, hakuna aliyeipokea. Nilitaka kukata yetu. Shangazi akanizuia. Alilala akiisikiliza ile ofisi tupu, machozi yanamtoka, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye furaha. "Umesikia?" akaniambia. "Amekwenda."

Fundi alifika akiwa bado na ovaroli, ananukia sabuni wodi nzima. Alimkuta anamngojea. Waliyozungumza ni yao, nami nilitoka nje. Shangazi Haloo aliaga dunia mchana huo, saa nane, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Marehemu ameacha mume, ambaye hata sisi watoto tunamwita Fundi, watoto watatu, yaani mabinti wawili na mtoto wa kiume aliyevunjika mkono, ambao uliunga vizuri kama alivyosema, wajukuu watano, kaka zake wawili, mmoja akiwa baba yangu, na wapwa. Ameacha pia dada mmoja. Tulipokuwa tunaandaa karatasi hii alituuliza, "Mimi mtaniandika kama nani?" Fundi akamjibu kwamba ataandikwa miongoni mwa ndugu. Alipangusa macho. "Haya. Ila msikosee jina langu." Kwa idhini yake tumeandika lile analolipenda: Kufuli.

Apumzike kwa amani shangazi aliyetufundisha kusalimia watu wa milangoni. Na huko alikofika, asiambiwe aache ujumbe.