Zacheus Kiptum Maritim Alichanganya Oili

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kikombe cha chai, marehemu baba yetu aliendesha pikipiki kutoka gereji hadi juu ya kilima cha shamba letu. Alipanda kwa nguvu zote, akazima injini ghafla huko juu, akafungua plagi inayotoa cheche za kuwasha petroli na kuiinua kwenye mwanga. Plagi ikiwa nyeusi, injini ilikuwa inakunywa petroli kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, ilikuwa na kiu na ingejiunguza. Baba alitaka rangi ya chai ya maziwa. Akiipata alisema tu, “Sasa,” akarudi nyumbani kunywa yake, ambayo mara nyingi ilikuwa imepoa. Mama alizoea kumwambia kwamba afadhali angeoa kabureta.

Zacheus Kiptum Maritim alizaliwa tarehe 20 Desemba 1967 huko Ndanai, Sotik, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Maritim arap Chumo na marehemu Mama Bilhah. Aliitwa Kiptum kwa sababu mwezi huo vijana walikuwa wanatoka jandoni na karibu kila boma lilikuwa na sherehe. Bibi alisema alijifungua huku majirani wakiimba nje, na hakuna aliyemsikia alipoita.

Alisoma shule ya msingi Ndanai na kufanya mtihani wa CPE mwaka 1981. Aliendelea hadi kidato cha pili, kisha babake akafariki na masomo yakaishia hapo. Mwaka 1984 alipelekwa Kipkelion kuishi na mjomba wake aliyefanya kazi kwenye stesheni ya reli. Karibu na stesheni palikuwa na Mzee Nyang'au, fundi wa misumeno ya petroli, mtu mkali aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Kwake ndiko Baba alikojifunza injini za two-stroke.

Injini hizo naomba nizieleze hapa, kwa sababu tangu mwaka juzi nimesikia watu wazima wakidai hawazielewi. Injini ya bodaboda ina oili yake chini, peke yake. Ya two-stroke haina. Oili yake huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa kwenye tangi, na huo mchanganyiko ndio unaolainisha pistoni. Ukiweka petroli tupu, chuma kinasuguana na chuma mpaka vinashikana. Mzee Nyang'au alimfundisha Baba jambo hilo siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha mahali pa kuweka koti.

Mwaka 1989 Baba alifungua gereji yake mwenyewe nyumbani. Alianza na misumeno na pampu za kupulizia dawa. Baadaye vijana wa Kericho na Bomet walipoanza kununua pikipiki za mashindano ya milimani, walimletea yeye. Alikwangua masizi kwenye eksosi na kubadilisha ringi za pistoni. Vijana waliokwenda kushindana Chebunyo walipitia kwake kwanza awabadilishie jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, kwa sababu hewa ya kule chini si hewa ya hapa kwetu. Chujio la hewa aliliosha kwa sabuni, na siku moja aliliosha ndani ya karai la Mama la mboga. Tulikula sukuma wiki yenye harufu ya petroli na hakuna aliyethubutu kusema, mpaka Baba mwenyewe alipoweka kijiko chini akauliza nani amepika gereji.

Alifunga ndoa na mama yetu, Rodah, tarehe 22 Agosti 1998 kanisani Kipkelion. Siku ya koito, wazee walipokwenda kwa kina Mama kuomba msichana, Baba alikuwa ameoga mara mbili, lakini moshi wa two-stroke hautoki kwa kuoga. Babu, babake Mama, alimnusa, akawageukia wazee na kuwauliza kijana huyu anakata miti ya nani. Wazee walicheka hadi mmoja akamwaga maziwa. Mama anasema alimpenda hapo hapo, kwa sababu Baba naye alicheka.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ya mazishi ilinishauri nipite haraka. Sitapita haraka.

Tarehe 9 Desemba 2023, Jumamosi, kulikuwa na mashindano Chebunyo. Baba alikuwa fundi wa pikipiki ya Phelix, kijana ambaye wengi wenu mnamjua. Alichanganya petroli na oili asubuhi mbele ya watu, ndani ya mtungi wa njano, akaufunga kitambaa chekundu shingoni ili usichanganywe na mwingine. Mchana aliitwa upande wa pili wa uwanja kurekebisha pikipiki iliyokataa kuwaka. Alimwambia mwenyekiti wa mashindano kwamba asimwachie mtu yeyote aguse tangi la Phelix mpaka arudi.

Kabla ya mzunguko wa mwisho tangi lilikuwa karibu kukauka. Mgeni wa heshima alikuwa anataka kuondoka, na Baba alikuwa hajarudi. Mwenyekiti alichukua chupa ya petroli kwa muuzaji anayewauzia watu wa bodaboda, akaimimina yeye mwenyewe. Phelix alikuwa ameketi juu ya pikipiki, kofia kichwani. Aliuliza kama imechanganywa.

“Wewe endesha,” mwenyekiti alimwambia. “Petroli ni petroli.”

Injini ilishikana kwenye mteremko. Gurudumu la nyuma lilijifunga na Phelix akarushwa. Alivunjika mguu na mfupa wa bega, na hadi leo anatembea na fimbo. Alipokuwa bado anabebwa, mwenyekiti alichukua maikrofoni. Aliutangazia uwanja mzima kwamba fundi amesahau kuweka oili, na kwamba wazee wengine wajue wakati wa kustaafu.

Jina la mwenyekiti huyo kamati imeniomba nisilitaje. Sitalitaja. Mtalipata ukurasa wa tatu wa ratiba mliyoshika, kati ya wazungumzaji wa leo.

Baba aliifungua injini siku iliyofuata, kwenye meza yetu ya kulia chakula, mbele ya wazee wa kanisa. Pistoni ilikuwa imechubuka pande zote na beringi imekauka hadi ikabadilika rangi. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa nyeupe kama maji, hali oili yake ilikuwa ya rangi ya samawati. Mtungi wenye kitambaa chekundu ulikuwa pale, na kilichobaki ndani yake kilikuwa cha samawati. Wazee waliangalia wakatikisa vichwa. Walipotumwa kumwita mwenyekiti aje kuona, alijibu kwamba yeye si fundi, ataangalia nini.

Phelix alisema ukweli akiwa bado kitandani hospitalini. Mwenyekiti akawaeleza watu kwamba kijana alijigonga kichwa. Mnakumbuka. Wengine wenu mliyarudia maneno hayo sokoni, na sauti zenu tulizisikia.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Yalikuwa madogo, na yalikuwa ya kila siku. Misumeno ilianza kupelekwa kwa mafundi wengine. Baba aliyekuwa shemasi aliambiwa apumzike kidogo mpaka mambo yatulie, na hakuna aliyemwambia mambo yalitulia lini. Akipita stendi ya bodaboda, vijana walimwita, “Mzee Zacheus, umeweka oili?” Akinunua maziwa dukani, walimuuliza kama ameyachanganya. Watu wenye umri wake walikuwa wamekaa pale pale na walicheka. Kama ungekuwa mzaha wa wiki moja ningeuelewa. Uliendelea hadi mwaka huu.

Baba hakupigana na mtu. Alikwenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake, mchana, akiwa na pistoni ndani ya mfuko wa karatasi, na hakufunguliwa geti. Alikwenda tena. Mara ya tatu alituma mfuko kwa mlinzi, na mlinzi akaurudisha.

Tarehe 17 Februari 2025 alipatwa na kiharusi akiwa gereji. Daktari alisema ni shinikizo la damu, na mimi sina elimu ya kubishana na daktari. Najua tu kwamba kabla ya Desemba ile Baba hakuwahi kulala hospitali hata usiku mmoja. Mkono wake wa kulia ulikufa, mkono aliotumia kuzungusha skrubu ya kabureta kidogo kidogo huku ameinamisha kichwa akisikiliza. Alijaribu kwa kushoto. Alikuwa anakaribia kuzoea. Kiharusi cha pili kilikuja mwishoni mwa Agosti, akalazwa Kericho, na asubuhi ya Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025 akafariki. Phelix alikuwa pale, ameshikilia fimbo yake kwa mkono mmoja na mguu wa Baba kwa mwingine.

Ameacha mjane, Rodah. Watoto wake Kipyegon, Maxine na mimi Tecla. Mjukuu mmoja, Rachael. Kaka yake mkubwa na dada zake wawili. Na Phelix, ambaye familia imeamua aandikwe hapa na atabeba jeneza kadiri mguu wake utakavyomruhusu.

Tunamshukuru kila aliyekuja, hata waliokuja kuonekana. Baba alale salama, mahali pasipo na maikrofoni.

Imebaki sentensi moja. Kamati iliniletea ikiwa tayari imeandikwa, niiweke mwisho: kwamba marehemu aliaga dunia akiwa amewasamehe wote. Mchungaji alisema ni vizuri kwa familia, na kwamba itamrahisishia mwenyekiti atakaposimama kuzungumza. Nilikataa kuiandika bila kujua kama ni kweli, kwa hiyo nawaambia ninachokijua. Alasiri moja hospitalini, sauti yake ikiwa nzito lakini akili yake timamu, nilimuuliza Baba kama amemsamehe mwenyekiti.

“Bado,” alisema. “Hajaniomba.”