Mzee Mwinshehe, Aliyeadhibiwa kwa Kosa la Jua

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, Mzee Mwinshehe Kibwana, mwendesha redio ya mawasiliano wa Bohari ya Mazao Jitegemee, Kilosa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusikiliza mikwaruzo. Uongozi umeniomba niandike maneno mazuri yasiyozidi ukurasa mmoja, kwa kuwa karatasi ni haba. Nitajitahidi kubana.

Aliajiriwa mwaka 1964. Kazi yake ilikuwa kuviita vituo vyetu vya Mikumi, Kisanga na Lumuma na kueleza malori yaende wapi. Alikuwa na tabia tatu mbaya: kuwahi kazini, kuandika kila kitu kwenye daftari, na kusema kweli. Hiyo ya tatu haijawahi kumpandisha mtu cheo hapa kwetu.

Kwa wasiojua, mawimbi ya redio yetu hayapenyi milima. Hupanda juu sana hadi kwenye tabaka la hewa yenye umeme liitwalo ayonosfia, yakarudishwa chini Mikumi. Jua likichafuka na kurusha upepo wake, sumaku ya dunia hutikisika, na huku kwetu karibu na ikweta tabaka hilo hupandishwa, hushushwa na kuvurugwa, likawa zito huku na jepesi kule. Mzee aliyajua hayo kwa daftari lake tu, bila shahada, jambo lililowaudhi wenye shahada.

Uongozi nao, kwa jinsi ulivyowaamini wafanyakazi wake, uliweka utaratibu: kila siku saa nane mchana mtu wa utumishi aingie chumba cha redio, ashuhudie vituo vikiitwa, kisha asaini daftari.

Jumatatu ya tarehe 13 Machi 1989, lori lilikuwa Mikumi likisubiri amri ya kwenda kuchukua vitunguu Lumuma. Mzee aliita tangu asubuhi. Mikumi kimya. Badala yake alisikia watu wa nchi ya mbali wakizungumza Kireno kwa furaha kubwa. Alibadili betri, akapanda mnara na miaka yake arobaini na tisa, akashuka, akaandika: “Redio nzima. Anga imevurugika.” Aliomba mtu atumwe Mikumi kwa pikipiki. Meneja wa wakati ule akamjibu: “Redio ipo, pikipiki ya nini?” Siku ya pili ikawa vilevile. Vitunguu vilipofika Kilosa wiki moja baadaye, watu wa kijiji jirani cha Chanzuru walijua kwa pua kabla hatujafungua turubai.

Kamati ilikaa mara tatu na kugundua jambo moja: tarehe 13, safu ya saini ya saa nane ilikuwa tupu. Basi ikaamuliwa kwamba mwendesha redio alilala kazini. Vitunguu vilikuwa vimeoza, na lazima aoze mtu pia. Mzee alipewa barua ya onyo kali, na cheo cha mkuu wa mitambo kikaenda kwa Anselmi, mwendesha redio mwenzake, ambaye redio ikigoma huongeza sauti.

Kila mwaka Mzee aliomba barua ile iondolewe kwenye faili lake. Kila mwaka alijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Soko huria lilipoingia na wafanyakazi wakaanza kupunguzwa, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kwa sababu ya barua hiyohiyo. Aliokolewa na Anselmi, aliyeshindwa kuipata Mikumi siku tatu mfululizo, anga ikiwa safi kabisa.

Mwaka 1993 Mwalimu Costancia, anayefundisha fizikia hapa mjini, aliazima madaftari ya Mzee, akayalinganisha na tarehe za dhoruba za sumaku zilizopimwa na wataalamu. Zilifanana. “Shikamoo mzee,” alisema aliporudi. “Mnara wako ulikuwa mzima. Kilichoharibika kipo juu kilomita mia tatu, na Kilosa nzima hakuna fundi mwenye ngazi hiyo.” Mzee alipeleka orodha ya tarehe hizo ofisini. Akaambiwa jua si mtumishi wa bohari, haliwezi kuhojiwa.

Nilimuuliza juzi anataka zawadi gani ya kuagwa. Akasema hataki saa ya ukutani wala kitenge cha mama. Anataka tu asirudi kwao Kisanga akiitwa mtu aliyelala kazini. Niliona aibu, na sababu yake ninayo.

Mtu wa utumishi wa siku ile nilikuwa mimi, Makarius. Mvua ilinyesha, nilikuwa nimeshiba, nikajinyoosha juu ya magunia ghalani hadi saa kumi. Kamati iliponipa barua ile niichape, niliichapa bila kosa hata moja la chapa. Nilikuwa na watoto wadogo na woga mkubwa.

Leo asubuhi nimempelekea meneja maelezo yangu kwa maandishi na saini yangu. Nakala nimeiweka kwenye faili la Mzee. Huenda wiki ijayo nami nikaagwa, bila sherehe.

Mzee Mwinshehe, ahsante kwa yote, na unisamehe. Tunakuombea afya, mvua za kutosha na uzee wenye utulivu. Nenda Kisanga kifua mbele. Hukulala kazini. Nililala mimi.