Binti wa Mshale Anaanza Kliniki

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda changu. Mimi nashona viatu, ndiyo maana naitwa Soli. Anayekaa kulia kwangu ni Kiraka, mziba pancha, ana methali kwa kila tundu, na hakuna hata moja inayoziba sawasawa. Wa tatu ni Redio, muuza magazeti, ambaye husoma vichwa vya habari tu, kilichobaki anajitungia. Wa nne ni Mshale, fundi saa, mwenye meza yake ya kioo hapo pembeni, mtu wa maneno machache kuliko wateja wake. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa limejaa na Mshale alikuwa amekwenda kupeleka saa ya ukutani kwa mteja. Basi tukapata nafasi nzuri ya kumsema.

Kisa kilianza wiki moja nyuma. Mshale alikuja kijiweni kifua mbele, akatununulia kahawa sote, akatangaza kwamba binti yake kapata chuo kikuu na kwamba mwezi ujao anaanza kliniki. Alichotaka kusema ni saikolojia ya kliniki, lakini lile neno la kwanza lilimshinda ulimi, akaliacha nyumbani. Sasa sisi tunajuana. Msichana akianza kliniki hatuulizi chuo gani, tunauliza mimba ya miezi mingapi. Redio aliondoka na habari hiyo pamoja na magazeti, na jua lilipozama mama wa binti alikuwa ameshapongezwa dukani na kuulizwa kama huyu ndiye mjukuu wa kwanza.

Mshale hakugomba na mtu. Alirudi nyumbani akamwambia binti kwamba somo linaloanza kwa aibu litaishia wapi, basi aliache, akasome uhasibu kwenye chuo cha jirani. Binti akajibu kwa adabu kwamba uhasibu hatausoma, na huko kwingine hatakwenda bila radhi ya baba yake. Atakaa nyumbani. Mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa siku hii tuliyokuwa tunamsema, na binti alikuwa anakuja kijiweni kusikia neno la mwisho. Nilijua yote haya kwa sababu Mshale alinieleza mwenyewe, macho yakiwa kwenye skrubu.

Basi asubuhi hiyo Redio alikuwa anajitetea.

— Mimi sikusema ana mimba. Nilisema anaanza kliniki. Watu wakajumlisha wenyewe.

— Afadhali ingekuwa mimba, akasema Kiraka. Mimba ina mwisho wake. Hii ya kukaa na vichaa haina mwisho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgonjwa anaingia, anamwachia daktari wazimu wake, anaondoka mzima.

— Hapo mwenyeji ndiye anayepona, nikamwambia.

— Ni hiyo hiyo, nimeigeuza tu kama tairi.

Redio alikunja gazeti, dalili kwamba sasa anaingia kwenye elimu yake mwenyewe. Akatueleza kwamba vichaa si hoja. Hoja ni kwamba watu wa saikolojia wanasoma mawazo. Wanakutazama jicho la kushoto, wanajua juzi ulikula nini na kwa nani.

— Sasa mwanamume gani atamwoa? Umechelewa kurudi, hujafungua hata mdomo, kesi imeshaamuliwa.

— Huyo unayemweleza ni mke wangu, akasema Kiraka, na hajawahi kukanyaga chuo.

Nikacheka mpaka kahawa ikanipalia. Redio hakujali. Akashusha sauti kidogo, maana yake watu wa ng'ambo ya barabara sasa walisikia nusu tu, akasema kuna siri kubwa zaidi. Watu hao hukuchezeshea saa mbele ya macho, huku na huku, mpaka usinzie, halafu unataja kila kitu, hata ulichokificha.

— Mnaona sasa? Baba fundi saa, binti saikolojia. Hilo limepangwa tangu mtoto anatambaa. Mshale amekuwa akitengeneza mitambo hapa mbele yetu, sisi tunadhani ni saa.

Kiraka aliinuka akachukua saa moja ya mfukoni kwenye meza ya Mshale, akaifunga uzi wa viatu vyangu, akaanza kuibembeza mbele ya uso wangu. Mimi nilikuwa nimeamka alfajiri kumaliza buti za mtu. Nikapiga mwayo. Redio akaruka juu akasema tayari, ameshakwenda, muulizeni upesi kabla hajarudi. Kiraka akafikiri swali, akakosa. Ndipo mkono ukatokea nyuma yake, ukaichukua ile saa taratibu. Mshale alikuwa amerudi. Aliifungua uzi, akaifuta kwa kitambaa, akaketi mezani pake. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

Binti akafika kahawa ikiwa nusu. Viatu vyake nilivishona mimi, nikavitambua kwa mlio kabla sijainua kichwa.

— Shikamooni, wazee wangu.

Tukaitikia marahaba, kila mtu kwa sauti ya mtu aliyekuwa akizungumzia mvua. Redio aliitikia akitazama vidole vyake vya miguu, na binti akamuuliza, baba mdogo, umeangusha nini?

— Sijaangusha kitu. Nahifadhi mawazo yangu.

— Hifadhi bila hofu, baba mdogo. Tungekuwa tunasoma mawazo, chuo kingetuweka miaka yote hiyo cha nini? Kazi yetu ni kuuliza, halafu kunyamaza mpaka mtu ajibu. Kuuliza unajifunza upesi. Kunyamaza ndiko kunakotaka miaka.

Alizungumza bila haraka, mikono imetulia, na ningesema alikuwa anaringa kama asingekuwa anatabasamu. Akatueleza kwamba atakaa darasani kwanza, halafu wodini chini ya msimamizi, na hataachiwa mgonjwa peke yake mpaka athibitishwe. Kiraka akaona hapo ndipo pa kuingilia. Akamuuliza, kwa upole wa kweli, haogopi huo wazimu kumshika? Maana wahenga walisema ukikaa na waridi utanukia.

— Baba Kiraka, umeziba pancha tangu sijazaliwa. Umewahi kutoboka?

Kiraka akajitazama tumbo.

— Bado, akasema.

Hata Mshale alitaka kucheka, nilimwona. Lakini binti alikuwa ameshamgeukia yeye, na simu ameiweka juu ya meza ya kioo kati ya magurudumu madogo ya saa.

— Baba, nafasi inafungwa leo. Nikubali au niiache?

Mshale alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema si kwamba hamwamini. Darasani hajawahi kumwangusha, na hata mama yake analala vibaya kwa jambo hili. Halafu akafika pale alipokuwa anazunguka.

— Mwanangu, watu wanasema.

— Watu gani, Baba?

Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Hakukuwa na hasira, hakukuwa na dharau. Mshale akageuka kushoto, akageuka kulia, kama anayetaka kumwonyesha hao watu, na kote alikogeuka alitukuta sisi. Kiraka alikuwa anaibonyeza pampu isiyounganishwa na kitu. Redio alikuwa anasoma gazeti, na mara hii alikuwa anasoma mpaka maandishi ya chini. Mimi nilichukua kiatu nikakuta ni kile nilichokwisha kukimaliza. Niliona haya, nasema kweli. Mimi sikuipeleka habari dukani, lakini ilipopita mbele yangu niliipigia makofi.

Binti naye hakutusaidia. Alisimama akangoja, na hapo nikaelewa maana ya kule kunyamaza alikokutaja, kwa sababu kulikuwa kunatufanyia kazi.

Alipoona baba yake amehangaika vya kutosha, akamuuliza jingine.

— Mama mdogo alipojifungua akawa hataki kumshika mtoto, tuliambiwa nini?

— Kwamba anaringa, akasema Mshale. Wengine wakasema karogwa.

— Na aliyemtoa pale ni nani?

Mshale akaiweka miwani mezani.

— Yule dada wa hospitali, akasema. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka. Nilikaa koridoni, sisikii kitu humo ndani, nikidhani tunapoteza muda wetu. Nikamwuliza yule dada, mbona humpi dawa ukamaliza? Akaniambia, baba, dawa yupo anayempa, mimi nangoja aseme. Haikuwa siku moja wala mbili. Nilichoka mpaka nikataka kuacha. Halafu siku moja shemeji yangu akatoka mlangoni, akaninyang'anya mtoto mikononi kana kwamba nimemwiba.

Akachukua bisibisi asiyoihitaji.

— Basi mimi nataka kuwa yule dada, akasema binti. Na nitakuwa, Baba. Hilo sina wasiwasi nalo. Ninachokosa ni neno lako tu.

Mshale aliisogeza simu kwa kidole, akaipeleka upande wa binti yake.

— Bonyeza.

— Na radhi?

— Wewe bonyeza. Radhi imo humo humo.

Akabonyeza. Kisha akainama akaushika mkono wa baba yake kwa mikono miwili, na yule mzee asiyependa mambo barabarani akamwacha aushike. Halafu mzee akamgeukia Redio. Tukajua sasa Redio kapatikana. Lakini Mshale alisema tu kwamba kuna habari mpya ya kutangaza, na safari hii isikatwe. Akasafisha koo, akalitamka neno zima, saikolojia ya kliniki, polepole, silabi moja moja kama anavyorudisha vyuma vya saa, na hakuna kilichobaki mezani.

Binti akaaga, akaondoka kumwambia mama yake. Kiraka akaitwa na mtu wa baiskeli. Mshale akavaa kile kioo chake cha jicho moja, akarudi kazini, na mara moja moja nilimsikia akilirudia lile neno chini kwa chini. Kahawa ilikuwa imekwisha, ikabaki machicha.

Redio hakwenda kutangaza. Alipanga magazeti, akayapangua, akaja kuketi karibu nami kuliko kawaida yake. Akashusha sauti, na mara hii aliishusha kweli.

— Soli. Hiyo kliniki yao inapokea watu wa umri wetu?

— Nadhani inapokea. Kwa nini?

— Kuna mtu namfahamu. Tangu mkewe aondoke, hapati usingizi.

Mtaa mzima unajua ni mke wa nani aliyeondoka mwaka huu, na ni nani tangu hapo anayepiga kelele barabarani kuliko honi za magari. Nilikuwa na utani wake tayari, umeshafika kwenye meno. Niliumeza. Nikaweka nyundo chini, nikanyamaza, nikangoja.

Baada ya muda akaanza kusema.