Mzee Henry Makau Ndolo na Jina Aliloliomba Ufini

Marehemu Mzee Henry Makau Ndolo alizaliwa tarehe 12 Mei 1951 hapa Mitaboni, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Ndolo na marehemu Kalunde. Alisoma Mitaboni hadi darasa la saba, mwaka wa 1967, kisha akajifunza uashi kwa mjomba wake mjini Machakos.

Kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa matangi ya maji. Kuna shule kutoka hapa hadi Ndithini ambazo bado zinakinga mvua katika matangi yake. Hakupenda kuharakishwa. Ukuta ukitoka vibaya, aliubomoa mwenyewe kabla mtu hajasema neno.

Mwaka wa 1979 alifunga ndoa na Kasiva, wakajaliwa watoto watatu: Muema, Wavinya na Nzisa. Agosti 2021 Nzisa, kitinda mimba wao, alikwenda nchi ya Ufini kusomea uuguzi. Miezi sita baadaye mama yake alifariki, na Nzisa hakuweza kuja kumzika. Mzee aliumia sana. Simu ya Nzisa ikiingia, alimpa Muema, yeye akatoka nje. Mwaka mzima ulipita hivyo, na zaidi.

Juni 2023 jirani alimletea mtoto wa mbwa ili asikae peke yake mchana, Muema akiwa kazini. Wiki mbili mbwa alikaa bila jina. Jumapili moja, baada ya ibada, Nzisa alipopiga, Mzee alinyoosha mkono akaomba simu. Hakusalimia.

"Huko Ufini mbwa wanaitwaje?"

Nzisa akataja Musti. Mzee alipoelezwa kwamba maana yake ni mweusi, alisema wake ni wa kahawia na hatampa jina la uongo. Halli nalo akalikataa, akidai ni kama kumjulia mtu hali. Mashauri hayo yalichukua Jumapili tatu. Mwishowe Nzisa akapendekeza Kaveri, yaani rafiki wa kila siku. Mzee akalitamka Kaveli, akaenda mlangoni, akaita. Mbwa akaja. Tangu hapo baba na binti walizungumza kila wiki, na si habari za mbwa tu.

Mwaka wa 2024 figo zilianza kumsumbua. Februari 2025 Nzisa alirudi, akamuuguza kwa mikono yake mwenyewe. Siku moja, Nzisa akimlisha uji, Mzee alimshika mkono.

"Mama yako hakukukasirikia hata siku moja," alisema. "Aliniagiza nikuambie, nami nikakaa na maneno hayo."

Nzisa alimjibu kwamba sasa yamemfikia, kisha akaendelea kumlisha.

Mzee Makau alifariki mchana wa Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, katika hospitali mjini Machakos, watoto wake wote watatu wakiwa kando ya kitanda. Ameacha watoto hao, wajukuu watano na dada yake Syokimau.

Leo tunamlaza ubavuni mwa Kasiva. Mungu ampokee, na alale salama.