Ndizi ya Moto Mwaka wa Unga wa Njano

Asifiwe Bwana anayejua kila nyumba imekula nini!

Mwaka ninaowasimulia ni ule tuliokula unga wa njano. Wazee wenzangu wa Nyaishozi, huku karibu na mpaka wa Rwanda, mnaukumbuka. Watu wa Rwanda walivuka mpaka wakikimbia mauaji, wakajaa kambini, wakapewa unga wa mahindi wa msaada. Sisi tukawapa mikungu ya ndizi, wao wakatupa unga. Mnyambo, mtu wa ndizi, anasonga ugali kama vile migomba imekufa yote! Ulinuka gunia, lakini tuliula.

Nimeukumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu Editha. Yuko chuo, ndugu zangu! Chuo! Mimi niliishia darasa la pili. Likizo iliyopita alikuja na kitabu cha mama mmoja wa Rwanda aliyepona kwenye yale mauaji, ameambiwa huko chuoni akiandikie insha: jadili jinsi mwandishi alivyookoka. Akawa ananisomea huku namenya ndizi. Kumbe yule mama alifichwa na jirani! Nikadakia, "Huyo jirani alimpikia nini? Aliogopa?"

"Kitabu hakisemi, Bibi."

"Basi uliza kwenye insha."

"Bibi, insha ndiyo inaniuliza mimi!"

"Kwani wewe huna mdomo?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kujua hasa, maana mimi niliogopa.

Mwaka ule wa unga wa njano, binti mmoja alikuja shambani kwangu kuomba kibarua cha kupalilia. Alikuwa ametoroka kambini. Aliniambia waliowaua wazazi wake wamo humo humo na wanamtafuta. Nikamwingiza jikoni. Majirani nikawaambia ni mdogo wangu, katoka Kyerwa.

Mchana mmoja wakaja wanaume wawili wakitokea upande wa kambini. Walisalimia kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha. Ndizi na maharage vilikuwa vinatokota. Mmoja akachukua upawa, akachota maharage, akamsogezea yule binti usoni.

"Dada, hiki kwenu mnakiitaje?"

Ndugu zangu! Sisi Wanyambo tunasema ebihimba. Kwao Rwanda ni ibishyimbo. Neno moja tu la chakula, na wangeondoka naye! Nikaona midomo yake inafunguka. Nikachomoa ndizi ya moto sufuriani kwa vidole hivi hivi, nikamsukumia mdomoni. Machozi yakamtoka. Mimi nawaambia ukweli mbele za Mungu: mkojo ulinitoka. Lakini na sauti ikatoka, sijui Bwana aliitoa wapi. Nikasema:

"Kwangu, mtu anayekula haulizwi ametoka wapi."

Hawajajibu, nikawapakulia na wao. "Haya, kaeni mle."

Wakatazamana. Na wao walikuwa wameshiba unga wa njano mpaka umewatokea puani, na pale jikoni harufu ya ndizi inawaita. Wakakaa. Wakala! Vinywa vitatu vimejaa ndizi, nani amuulize nani? Walipomaliza wakanawa, wakasema asante mama. Mmoja akageuka akamtazama binti tena. Kisha akafunga mdomo wake, akatoka. Haleluya!

Kesho yake mume wangu akampeleka binti Ihembe kwa wifi yangu. Kutoka huko binti akaenda mbele, sijui wapi. Nilimuuliza Editha kama mwenye kitabu ndiye yeye. Akasema hapana, huyu hakupita Tanzania. Basi bado nakisubiri kitabu cha yule wangu. Nataka kujua kama ule ulimi ulipona.

Sasa sikieni. Editha aliporudi chuo akayaweka haya mwishoni mwa insha. Mwalimu wake amemrudishia karatasi, ameandika kwa kalamu nyekundu: wale wanaume walikuwa wauaji? Binti alikuwa kabila gani? Bila majibu anapunguziwa alama. Juzi mtoto kanipigia simu.

"Bibi, uliwalisha wauaji?"

"Sijui, mjukuu wangu. Nimejiuliza tangu siku ile mpaka leo. Lakini kama ningewauliza wao, na yeye angeulizwa."

Nikasikia akifunua karatasi.

Namshukuru Mungu aliyesimama jikoni kwangu. Wewe unayesoma haya na moyo unakudunda, mwamini Bwana. Woga hakuniondolea, mnaona nilivyolowa! Alinipa la kufanya nikiwa na woga wangu vilevile. Atakupa na wewe. Na ukipita Nyaishozi, uwe Mnyambo, uwe Mrundi, uwe wa wapi sijui, ingia. Sufuria yangu ni ile ile.

Kwenye simu ile ile Editha akang'ang'ania: "Bibi, mwalimu anasubiri. Nimwandikie nini?"

Mwandikie hivi, mjukuu wangu, usibadilishe hata neno:

"Kwangu, mtu anayekula haulizwi ametoka wapi."